iPad ya A16 au Galaxy Tab S10 FE: pesa yako iende wapi?

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili na swali moja. Mama yake amekubali kumnunulia kishikwambi cha kusomea chuoni, fedha ipo, na amebakiza viwili vya kuchagua: iPad mpya au Samsung mpya. "Mjomba, niambie tu ipi nzuri nikachukue kesho." Nikamwambia akae kwanza. Tulikaa mpaka magharibi, maana vifaa vyote viwili ni vizuri na hilo halina ubishi. La kujiuliza ni kila kimoja kitakula shilingi ngapi mpaka kifanye ile kazi unayoitaka wewe, na hapo ndipo njia zao zinapoachana.

iPad hii, inayotambuliwa kwa jina la chipu yake A16, ilitangazwa tarehe 4 Machi 2025 na kuanza kuuzwa tarehe 12. Bei ya kuanzia Marekani ni dola 349, ileile ambayo toleo la kabla yake lilikuwa limeshushiwa mwaka 2024, ila sasa unapata nafasi ya kuhifadhi ya GB 128 badala ya 64. Mwezi haujaisha, tarehe 2 Aprili, Samsung nao wakatangaza Galaxy Tab S10 FE kwa dola 499.99, nayo ikianzia GB 128. Nataja bei za Marekani kwa sababu ndizo bei rasmi. Huku kwetu kila duka lina yake ushuru na usafiri vikishaingia, kwa hiyo zichukue kama kipimo cha kulinganishia tu.

Siku iPad ilipotangazwa ubishi ulianza papo hapo. Walioisifu walisifu bei na ile nafasi iliyoongezwa maradufu. Walioiponda walikuwa na hoja tatu: chipu imepunguzwa, akili mnemba ya Apple haimo, na kioo ni kilekile cha 2022. Hoja zote tatu ni za kweli, lakini hazina uzito sawa kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali, na ndiyo maana napenda kuzipitia moja moja.

Tuanze na chipu, yaani ubongo wa kifaa. A16 ilitoka mwaka 2022 ndani ya iPhone 14 Pro ikiwa na viini sita vya kuchakata kazi. Hii iliyowekwa kwenye iPad ina vitano, na upande wa michoro ina vinne badala ya vitano. Waliolalamika walilalamikia jambo la kanuni: kwa nini nipewe pungufu? Mimi nauliza pungufu ya nini. Hata ikiwa hivyo ilivyo, inaiacha mbali chipu ya Exynos 1580 iliyomo kwenye Tab S10 FE. Ukikata video, ukipanga nyimbo zenye njia nyingi za sauti, au ukifungua faili la PDF la kurasa mia tano zilizojaa picha, utaiona tofauti kwa macho. Samsung inarudisha kidogo kwenye RAM, ile memori ya kufanyia kazi, GB 8 dhidi ya 6, na hiyo inasaidia ukiwa na madirisha mengi wazi kwa wakati mmoja. Lakini kwa nguvu tupu, iPad ya dola 349 inaishinda Samsung ya dola 499.99, na mwenye haki lazima aseme hivyo.

Akili mnemba sitaikawia. Apple Intelligence inataka chipu ya A17 Pro au M1 kwenda juu, kwa hiyo iPad hii haimo kwenye orodha. Kwetu sisi si hasara kubwa: katika lugha inazozielewa Kiswahili hakimo. Ukitaka msaidizi anayekuelewa ukimwandikia Kiswahili, Gemini ya Google anakielewa, na anapatikana kwenye Android na hata kwenye iPad kupitia kivinjari. Jambo ambalo lina maana zaidi kwa mtu wa kawaida ni kuandika kwa kusema. Kibodi ya Google kwenye Android inaandika Kiswahili unachokitamka tangu mwaka 2017. Dada yangu, ambaye vidole vyake havipendi herufi ndogo, hutuma ujumbe mrefu kwa njia hiyo, na mkato wake wa maneno unabaki wa Kitanga kabisa. Kwake hilo ni kubwa kuliko chipu yoyote.

Kioo ndicho kinachohitaji maneno mengi.

Apple wanaiita iPad ya inchi 11. Ukiipima pembe kwa pembe ni inchi 10.86, sawa na iliyotangulia, na Samsung yake ni 10.9. Kwa hiyo ukubwa ni uleule, umbo ndilo tofauti. iPad ni pana kidogo, ukiisimamisha wima inakaribia ukurasa wa kitabu. Samsung ni ndefu na nyembamba, filamu inakaa vizuri bila mistari mipana myeusi juu na chini. Kwa anayesoma vitini vya chuo vilivyopigwa picha na kugeuzwa PDF, umbo la iPad linapumzisha macho, huhitaji kuvuta ukurasa huku na huku. Samsung inasogeza picha mara 90 kwa sekunde, iPad mara 60. Ukiziweka pamoja na kupitisha kidole utaona ya Samsung inateleza laini zaidi, ingawa ukikaa na iPad peke yake wiki nzima hutaikumbuka hiyo tofauti.

Kasoro halisi ya kioo cha iPad ni kwamba hakikugandishwa. Kuna kioo cha juu unachokigusa, halafu kuna uwazi mwembamba, halafu ndiyo LCD yenyewe, ile sehemu inayotoa picha. Ukigonga kwa kalamu unasikia mlio kama wa sahani, na ncha ya kalamu inaonekana kukaa juu ya wino badala ya kuutoa. Tena hakina ule mpako wa kupunguza mng'ao. Ukikaa barazani saa nane mchana, jua la pwani likipiga ukutani, unajiona mwenyewe kuliko unavyoona maandishi. Mwenye kusomea nje alijue hili kabla ya kutoa pesa.

Ila kuna upande wa pili ambao watu wa Ulaya na Marekani huutaja kwa haraka sana, na kwetu ndio wenye mkate. Kwa kuwa vioo vile viwili vimetengana, ukidondosha iPad hii na kupasua kioo cha juu tu, fundi anabadilisha hicho cha juu na kuiacha LCD ilivyo. Kwenye vifaa vilivyogandishwa unanunua vyote viwili kwa pamoja, hata kama picha bado inaonekana safi. Muulize fundi yeyote mwenye meza yake Kariakoo au Luthuli Avenue, atakwambia ipi humtoa mteja machozi. Nyumba yenye watoto wadogo ipime jambo hilo kwa makini.

Samsung nayo ina kinga ya aina nyingine. Tab S10 FE ina kiwango cha IP68, maana yake vumbi haliingii na inavumilia kuzama kwenye maji baridi ya kina cha mita moja na nusu kwa nusu saa. Nasisitiza maji baridi, maji ya chumvi ni habari nyingine, asije mtu akaiosha baharini. Lakini mvua ya ghafla kwenye bodaboda, chai iliyomwagika, vumbi la barabara ya udongo kwa anayezunguka vijijini, yote hayo Samsung inayahimili. iPad haina ahadi yoyote ya namna hiyo. Ukilowesha, umelowesha.

Sasa tuje kwenye kalamu, maana mpwa wangu anaandika kwa mkono na hapo ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi.

Kwenye boksi la Samsung kalamu imo, wanaiita S Pen. Haina betri ya kuchajiwa, na inaelewa ukikandamiza: ukibonyeza kidogo mstari unakuwa mwembamba, ukibonyeza sana unanenepa. Kwenye boksi la iPad kalamu haimo, unainunua kando, na kuna mtego. Inakubali kalamu mbili tu za Apple. Moja ni ile ya USB-C ya dola 79, ambayo haielewi mkandamizo hata kidogo. Nyingine ni ile ya kizazi cha kwanza ya dola 99, inayoelewa mkandamizo lakini inachajiwa kwa mdomo wa zamani wa Lightning, hivyo lazima uwe na kiunganishi chake na waya. Kalamu ya kizazi cha pili haifanyi kazi hapa, wala Pencil Pro. Jirani yangu aliuziwa ya kizazi cha pili na muuzaji aliyemhakikishia kwamba "zote za Apple zinaingiliana". Alirudi nayo kesho yake, duka likamkatalia kwa kuwa boksi limefunguliwa. Pesa ile imekwenda. Ukienda kununua kalamu, nenda na iPad yako mkononi na uione ikiandika kabla hujalipa.

Kwa anayeandika vitini na kupigia mistari, kalamu ya USB-C inatosha, na hata zile za kampuni nyingine za bei ndogo zinaandika vizuri. Kwa mchoraji, hapana. Mchoraji asiyekuwa na mkandamizo ni kama mpiga ngoma aliyefungwa mkono mmoja.

Basi tufanye hesabu. iPad 349, kalamu ya USB-C 79, jumla 428. Bado iko chini ya Samsung kwa dola 72 hivi. Ukichukua kalamu ya 99 unafika 448, bado chini. Mpaka hapo iPad inaongoza. Kinachoipindua hesabu ni kibodi. Kibodi ya Apple ya iPad hii, Magic Keyboard Folio, ni dola 249. Ukiiongeza pamoja na kalamu ya 79 umefika 677, na hapo umeshapita bei ya kompyuta mpakato nzuri tu ya mwanafunzi. Nimeona watu wakiingia dukani kwa sababu ya ile 349 wakatoka wamelipa karibu mara mbili, kila kitu kikiongezwa kwa upole: na hii je, na kava je. Ushauri wangu ni wa waziwazi: ukiamua iPad hii, iache kibodi ya Apple dukani. Kibodi yoyote ya Bluetooth inashika kwenye iPad, kama inavyoshika kwenye Samsung, na kava la kawaida lenye mguu linaisimamisha mezani. Na kama kazi yako kubwa ni kuandika insha ndefu na ripoti, usinunue kishikwambi chochote, nunua kompyuta mpakato.

Kuhifadhi nako kuna hesabu yake. iPad ya GB 256 ni dola 449, yaani unalipa mia moja kwa GB 128 za nyongeza, na ukishanunua umenunua, haiongezeki. Samsung ina tundu la memori kadi linalopokea hadi TB 2. Mwalimu mwenye video za masomo, shekhe au mchungaji mwenye mafundisho yaliyorekodiwa, mpiga picha wa harusi, hawa wote kadi inawaokoa pesa nyingi. iPad inasoma flashi ya USB-C kupitia programu ya Files, hilo lipo, lakini flashi inayoning'inia pembeni si sawa na kadi iliyolala ndani.

Kuhusu laini na mtandao, iPad yenye mtandao wa simu inaongeza dola 150 na haina mahali pa kuweka kadi ya laini. Ni eSIM peke yake, yaani laini inayowekwa ndani ya kifaa bila kadi, hivyo ulizia kwanza kama kampuni yako ya simu inaitoa hapo ulipo. Samsung yenye 5G inapokea kadi ya kawaida, unachomoa kwenye simu na kuchomeka. Kwa wengi wetu ile ya Wi-Fi inatosha kabisa, bando liko kwenye simu na hotspoti inafanya kazi. Lakini kuna kitu ambacho maboksi hayakitangazi: iPad ya Wi-Fi haina GPS, kile kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha ulipo. Ramani itakisia ulipo kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, na ukiwa shambani mahali pasipo na Wi-Fi hata moja haitakujua. Galaxy Tab S10 FE ina GPS hata ile ya Wi-Fi.

Hilo ndilo lililomgusa mpwa wangu. Anasoma afya ya jamii, na mwaka wa pili ataanza kwenda vijijini kukusanya takwimu. Watanzania wengi tulikizoea kishikwambi kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani wakipita nyumba kwa nyumba, na baadaye vifaa vile wakagawiwa walimu. Kazi za namna ile hufanywa kwa programu kama ODK Collect na KoboCollect, na hizo ni za Android tu. Hata programu ya kukusanyia taarifa ya DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, iko Android. Fomu za Kobo unaweza kuzifungua kwa kivinjari kwenye iPad, ila msimamizi wa utafiti akikupa maelekezo, atakupa ya Android. Ni yupi kati yetu atakayetaka kuwa peke yake kwenye kundi, akitafuta njia ya kuzunguka wakati wenzake wameshamaliza nyumba ya tatu?

Kwa upande mwingine, binti wa dada yangu, mdogo wake huyu, anachora na anatunga nyimbo. Kwake nilisema iPad bila kusita. GarageBand ya muziki na iMovie ya video ni za bure na zinatoka kwa Apple wenyewe. Procreate, inayopendwa na wachoraji wengi, ipo kwenye iPad tu na unailipia mara moja, si kila mwezi. Chipu ile inayodharauliwa itambeba miaka mingi. Yeye ndiye anayepaswa kutafuta kalamu ya kizazi cha kwanza pamoja na kiunganishi chake, kwa ajili ya mkandamizo.

Kuna lawama mbili za siku ya kutangazwa ambazo muda umezifuta, na bado nawasikia watu wakizirudia. Ya kwanza ni WhatsApp. Wakati ule iPad haikuwa na programu yake, watu walitumia kivinjari, ikawa kero kweli kwa eneo letu ambako kila kamati ya harusi na kila kikundi cha darasa kiko WhatsApp. Mwisho wa Mei 2025 programu ilitoka. Ya pili ni madirisha. iPad ya bei nafuu ilikuwa imenyimwa mpangilio wa madirisha wanaopewa wenzake wakubwa, huku Samsung wakijivunia DeX inayogeuza kioo kuwa kama cha kompyuta. Septemba 2025 iPadOS 26, toleo la mfumo endeshi wa iPad, ikaleta madirisha yanayosogezwa na kupanuliwa, na iPad hii nayo ikapewa. DeX bado naiona imekomaa zaidi, lakini pengo si lile tena.

Lililobaki bila kufutika ni la familia. Kwenye Samsung unaweza kufungua akaunti zaidi ya moja: ya mama, ya watoto, ya mgeni, kila mmoja na programu zake na picha zake. iPad ya nyumbani ni ya mtu mmoja. Kishikwambi kinachozunguka mikono mitano kwa siku kinafaa kiwe Android kwa sababu hiyo peke yake.

Na umri? Samsung wameahidi matoleo saba makubwa ya Android kwa Tab S10 FE. Apple hawatangazi idadi, lakini mwenendo wao unaonekana: iPad ya kizazi cha 7 ya mwaka 2019 ilifikishwa mpaka iPadOS 18 ya 2024. Kwa hiyo usiogope upande wowote. Chaji, Samsung inapokea wati 45 na iPad kama 20, na umeme ukirudi kwa saa moja halafu ukakatika tena utaelewa kwa nini naitaja. Samsung hawaweki kichwa cha chaji kwenye boksi, kinunue, tena kile cha kweli. Tundu la spika za masikioni halipo kwenye chochote kati ya hivi viwili.

Kama bei zote hizi zimekutoa jasho, na unachotaka ni kusoma, kutazama masomo ya YouTube na kuongea na jamaa kwa video, Galaxy Tab A9+ ilizinduliwa kwa dola 219.99, ina kioo cha inchi 11, memori kadi na lile tundu la spika za masikioni. Ni nzito kidogo kufikiri na haina kalamu ya S Pen, na imekuwepo tangu Oktoba 2023 kwa hiyo umri wake wa masasisho umeshaanza kuliwa. Dada yangu mwenyewe nilimshauri hiyo.

Anayependa vilivyotumika atafute iPad Air ya M1 ya 2022. Kioo chake kimegandishwa, inakubali kalamu ya kizazi cha pili, na ina RAM ya GB 8. Ila hakikisha mwenye nayo ameiondoa kwenye akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako, na uiwashe upya mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo bila kudai nenosiri la mtu mwingine. Ikidai, irudishe mkononi mwake uondoke, hata akushushie bei namna gani. Na kwa yoyote yenye laini, piga *#06# uione IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, halafu uihakiki: Tanzania unaituma kwa ujumbe kwenda 15090, Kenya 1555.

Mpwa wangu alichukua Tab S10 FE ya Wi-Fi, na chenji iliyobaki akanunulia memori kadi na kichwa cha chaji. Mdogo wake anasubiri zamu yake mwezi wa pili, na mama yao ameshaandika kwenye karatasi: iPad, kalamu ya zamani, kiunganishi. Kibodi ameikata kwa mstari mwekundu.